Omubirizi: Jina la Dawa katika Historia ya Karagwe

Nchi ya Karagwe, ambayo mwaka 2012 iligawanywa ikazaa wilaya ya Kyerwa, ina historia ndefu ya tiba, lakini waganga wake wa zamani hawakuiandika. Mchunguzi hana budi kuitafuta katika majina. Jina moja latosha kuwa mfano: omubirizi.

Huu ni mti mdogo, aghalabu kichaka, ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Vernonia amygdalina mwaka 1826. Majani yake ni machungu mno. Huchemshwa kama chai, au hufikichwa katika maji baridi, na maji yake hunywewa na mwenye homa, maumivu ya tumbo au minyoo.

Habari za tiba ya Karagwe zilizoandikwa mapema ni za wageni. Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861. Grant akaugua mguu, akabaki huko hata Aprili 1862. Na katika kitabu chake cha 1864 alieleza jinsi alivyotibiwa na wenyeji. Lakini hayo ni mambo ya miezi michache. Jina la mti latupeleka mbali zaidi.

Wanyambo na Wahaya husema omubirizi, na Wanyankole vivyo hivyo. Rwanda na Burundi husemwa umubirizi. Tofauti ni ya irabu ya mwanzo tu. Hiyo mu- ni kiambishi cha ngeli ya miti, ndugu wa m- katika mkuyu wa Kiswahili. Waganda, majirani wa karibu, wana neno jingine, omululuza. Basi jina hili limeenea likivuka mipaka yote waliyoiweka Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji. Ama lilirithiwa, ama lilisafiri pamoja na dawa. Kwa vyovyote vile, mipaka hiyo ililikuta.

Faida ya kuhifadhi majina kama haya ilionekana Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha mti huu na kufyonza maji yake. Kalunde aliutambua: ndio mjonso, dawa ya Watongwe. Kwa ujuzi huo utafiti mkubwa ulianza.

Kiswahili nacho kina neno, mtukutu, ambalo kwa wengi ni mtoto asiyetulia tu. Kwa hiyo Mnyambo aongeapo na daktari husema amekunywa “majani machungu”, naye daktari aweza kudhani ni muarobaini, mti uliotoka Asia. Dawa mbili tofauti zachanganywa kwa kukosa jina moja. Kinyambo kilipata msamiati wake uliochapishwa mwaka 2002, kwa kazi ya Rugemalira. Yafaa watungaji wa kamusi za Kiswahili walipokee neno mubirizi, pamoja na maelezo ya mti wenyewe, wakati wazee wanaoujua wangali hai.