Vichwa Vyenye Majina ya Milima

Mwaka 1955, wakati reli za Marekani zikiuza vichwa vyao vya mvuke kama chuma chakavu, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kupokea vipya kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, Manchester. Vilikuwa 34 vya aina ya Garratt, daraja la 59, na vilipewa majina ya milima yetu: Mount Gelai, Mount Shengena na mingineyo. Kila kimoja kilikuwa na tani kama 250. Katika reli za upana wa mita moja, dunia nzima haikuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuvizidi.

Shirika halikuwa limelala. Mizigo ilijaa bandarini Mombasa, na njia ya Nairobi, kilomita 530, hupanda kutoka pwani hadi zaidi ya mita 1,600. Garratt ina injini mbili, mbele na nyuma, na boila limebebwa katikati, hivyo dude zima hujikunja kwenye kona kama jongoo. Kwa moto wa mafuta mazito, moja iliburuta tani 1,200 mlimani.

Kilichoisumbua ni kiu. Mvuke ukishafanya kazi hupotea hewani, na njia hiyo hukatiza nyika kavu ya Taru. Kila kituo cha maji kilidai pampu, bomba, tangi na watu wa kuvitunza. Maji yakiwa na chumvi, boila huota magaga. Sharti lizimwe, lipoe, lioshwe, kisha liwashwe tena kwa saa kadhaa. Dizeli haina habari na hayo. Injini yake huzungusha jenereta, na umeme ukaendesha mota za magurudumu. Vichwa viwili vikiungwa, dereva mmoja anavimudu vyote.

Dizeli za kampuni ya English Electric zilifika mwaka 1960. Kimoja kwa kimoja, nadhani Garratt isingeaibika mbele yao, na wahandisi walikwisha kuchora kubwa zaidi, daraja la 61. Haikujengwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, kila nchi ikabaki na reli yake. Kufikia 1980 Kenya ilikuwa imeviondoa vichwa vya daraja la 59 kazini.

Ukifika Nairobi, Mount Gelai ipo kwenye jumba la makumbusho ya reli. Kaitazame pale boila linapoungana na injini ya mbele.