Msafara wa Vitabu Uliopita Ziwa Nyasa

Mwaka 1892 Mjerumani Hermann von Wissmann alianza safari ya kupeleka stima Ziwa Nyasa. Reli haikuwapo. Meli ililetwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire, ikabebwa na watu pale maporomoko yalipoikata njia ya maji, kisha ikaungwa tena na kuelea mwaka 1893. Katika msafara huo alikuwamo Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro. Masimulizi yake ya safari hiyo yamo ndani ya *Safari za Wasuaheli*, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1901. Humo humo Selim anasimulia pia alivyofika Urusi na Siberia.

Kwa hiyo miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya safari kuchapwa kwa Kiswahili, kimo kimoja kinachosimulia njia ya nchi tunayoiita leo Malawi. Jambo hili linastahili kujulikana zaidi, hasa Dzaleka.

Dzaleka ipo wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zama za Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wafungwa wa kisiasa walifungwa hapo. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wakitoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Sokoni, makanisani na kwenye jukwaa la Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Menes La Plume, Kiswahili kinasikika kila upande. Jirani na mji mkuu wa nchi ya Chichewa na Kiingereza, umekaa mji mzima wa watu wanaoweza kusoma riwaya za Kiswahili. Na riwaya hizo, ukizifuatilia tangu mwanzo, zimepita kwao mara nyingi.

Chukua maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar, aliyoyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu na kuchapishwa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Yanakwenda mbio kuliko riwaya nyingi: vita vya Itabwa, Kasongo, kukutana na Livingstone, kisha kumsindikiza Stanley kwenye Mto Lualaba mwaka 1876. Mtu wa Pwani anaweza kuyasoma kama ushujaa wa safari. Mtu wa Maniema, mashariki ya Kongo, hawezi kuyasoma hivyo, maana vijiji vinavyopitwa ni vya babu zake, na pembe zile hazikujibeba zenyewe. Naamini kitabu hicho kinahitaji msomaji wa pili kuliko wa kwanza.

Upande wa pili wa habari hiyo uliandikwa na James Mbotela katika *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934. Wazee wake walitekwa katika nchi za Ziwa Nyasa, na kitabu kinawafuata mateka hadi baharini, kwenye meli ya Waingereza iliyowaokoa, na hatimaye Freretown, Mombasa. Wanahistoria wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo ni kitabu cha Kiswahili chenye mizizi katika ardhi ya Malawi, kilichoandikwa na mjukuu wa nchi hiyo aliyezaliwa ugenini. Watoto waliozaliwa Dzaleka wataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Vitabu vya kubuni vilikuja kwa njia nyingine, ya shule. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina* kwa ajili ya wanafunzi wa Tanganyika. *Alfu Lela Ulela* nayo ikapata Kiswahili chake wakati huo huo. Majini, hazina na ramani za siri vikawa somo la darasani. Wapo wanaoziona tafsiri hizo kuwa mzigo wa kikoloni tu. Nami nakubali kwamba Haggard, mtunzi wa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, aliiona Afrika kama pori la Mzungu kutafutia almasi. Lakini vitabu hivyo viliwaonyesha waandishi wetu kwamba Kiswahili cha nathari kinaweza kumfanya mtu akeshe.

Aliyelithibitisha hilo ni Shaaban Robert. *Adili na Nduguze* ina majini, mawe yaliyokuwa watu, na ndugu waliogeuzwa manyani na kuchapwa mijeledi kila usiku. *Kusadikika*, ya mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Wajumbe sita wanatumwa pande sita za dunia kuleta maarifa. Kila mmoja anarudi na jambo jema, kila mmoja anatiwa kifungoni. Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, anajitetea kwa kusimulia safari zao. Miaka mingi baadaye Mkenya Katama Mkangi, aliyekuwa ameonja kizuizi bila kesi, aliandika *Walenisi*, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa angani na kufika dunia yenye haki. Sijui ardhi inayofaa zaidi kusomea vitabu hivi viwili kuliko ile iliyokuwa gereza la kisiasa.

Upelelezi ulianzia Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapwa mwaka 1960, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wakaingia katika fasihi. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Kisha akaja Elvis Musiba, na mpelelezi wake Willy Gamba akayachukua mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika na kuyatia kwenye kitabu cha mfukoni. Katika *Kikosi cha Kisasi*, cha mwaka 1979, Gamba yuko Kinshasa akiwasaka maajenti wa Makaburu.

Hapo historia ya Lilongwe inaingia kwa nguvu. Banda alikuwa na uhusiano wa kibalozi na Pretoria tangu 1967, na makao makuu mapya yaliyohamishwa kutoka Zomba mwaka 1975 yalijengwa kwa msaada wa mkopo wa Afrika Kusini. Mwaka 1968 Malawi ilipitisha sheria kali ya udhibiti wa vitabu na burudani. Wakati vijana wa Dar es Salaam wakiazimana Willy Gamba hadi kurasa zinachanika, adui wa Gamba alikuwa na ubalozi nchini Malawi. Leo vijana wa Kinshasa, Bukavu na Uvira wanaishi umbali wa saa moja kutoka Lilongwe, na naamini ndio wasomaji ambao Musiba angewafurahia zaidi.

Mwaka 2023 mambo mawili yalitokea Malawi. Mwezi Mei serikali iliwarudisha Dzaleka kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwamo. Mwezi Julai, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipokuwa mgeni wa sherehe za uhuru, Rais Lazarus Chakwera akatangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni. Wenye lugha walirudishwa kambini, lugha yenyewe ikakaribishwa darasani. Darasa hilo litahitaji walimu, na wako Dowa. Litahitaji vitabu pia, si vya sarufi peke yake, kwa sababu mtoto hujifunza lugha haraka anapotaka kujua nani aliua.

Ningepewa nafasi ya kuchagua cha kwanza kuchapwa upya kwa shule za Malawi, ningechukua ile safari ya stima ya Selim bin Abakari, kwa tahajia ya leo, pamoja na ramani ya Mto Shire.