Plagi ya nduthi yako ina zaidi ya miaka 120

Wasee, kabla hujamwachia mtu akaze plagi yako na nguvu zote, sikiza hii story.

1885 huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda pikipiki ya mbao. Haikuwa na plagi. Petroli ililipuliwa na kabomba ka chuma kaliyopashwa na moto wa wazi, na hiyo yote ilikuwa chini ya kiti. Yaani moto, petroli na makalio yako, mahali pamoja! Inasimuliwa kiti kilishika moto kweli.

Halafu 1902, Gottlob Honold, injinia wa Robert Bosch kule Stuttgart, akaleta magneto ya volti za juu pamoja na plagi yake. Chuma katikati, kauri ya kuzuia stima isitoroke, na kanafasi kadogo ambapo cheche inaruka. Ile ya Boxer yako ni wazo lilelile, limeboreshwa tu.

Sasa kinachoniudhi: kitu watu walihangaikia hivyo, sisi tunakifunga kama nati ya gurudumu. Hedi ya injini ni aluminiamu, laini kuliko plagi. Ngoja injini ipoe. Pangusa mchanga usianguke ndani. Zungusha na vidole mpaka ikatae, ndio ushike spana. Plagi mpya yenye pete yake inataka nusu mzunguko hivi, basi. Jamaa wa steji yetu alilazimisha, nyuzi za hedi zikaisha. Alikaa siku mbili bila kazi juu ya plagi ya mia tatu.