Kuzibua au Kubandua?

"Mishipa imenikaza tu," alisema mzee jirani yetu hapa Sumbawanga, kikombe kimemponyoka na chai imetapakaa mkekani. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, maneno yakamgoma. Baada ya robo saa akawa mzima. Mkewe alianza kumchua shingo kwa mafuta. Wengine walinong'ona habari za kurogwa, katika mji ambao jina lake kwa Kifipa ni agizo la kutupa uchawi.

Neno mshipa ndilo linalotuponza. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na hata ngiri tunaiita mshipa. Mtu akiambiwa "mshipa wa shingo umeziba", anafikiria shingo iliyokaza, ya kuchuliwa. Kumbe ni ateri, inayotoa damu moyoni. Vitabu vya biolojia vinalo neno hilo, tulitumie. Weka vidole viwili kando ya koromeo, utaihisi ikidunda. Hapo inapogawanyika, chini ya taya, mafuta na chokaa hujenga ugaga kama ule wa meno. Kipande kikimeguka, damu hukipeleka kwenye ubongo, nacho huziba njia na kuleta kiharusi. Si kila kiharusi hutoka shingoni, presha ina makubwa yake, lakini shingo ya namna hiyo haichuliwi.

Na upasuaji wa kuutoa ugaga huo? Wengi husema kuzibua. Silikubali. Anayezibua bomba husukuma uchafu mbele, na hapa mbele ni ubongo. Kukwangua nako ni kwa ukoko wa sufuria, vipande vinaruka. Daktari huibana ateri juu na chini, huichana, kisha huutenganisha ugaga taratibu pamoja na utando wa ndani ulioshikamana nao, mpaka utoke mzima kama gome mtini. Hushona, ndipo huachia damu. Huko ni kubandua. Basi nasema: ubanduaji wa ateri ya shingo.

Daktari wa upasuaji Michael DeBakey aliufanya Houston, Marekani, mwaka 1953. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliotoka 1991 ulihusu watu waliokwisha kupata onyo, kama lile la mzee wetu, ateri ikiwa imeziba asilimia 70 au zaidi: kiharusi cha upande wa ateri hiyo ndani ya miaka 2 kilishuka kutoka watu 26 kwa kila 100 wasiopasuliwa hadi 9 kwa waliopasuliwa. Faida ni kubwa zaidi ukifanyika ndani ya wiki 2 tangu onyo.

Nilimwandikia mzee neno moja, ateri. Alfajiri alipanda basi la Mbeya, karatasi imo mfukoni mwa shati.