Q na X: Herufi Mbili Zisizo Zetu na Kazi ya Kuunda Istilahi

Huko Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yamebaki magofu ya kasri la Seyyid Said bin Sultan. Humo alizaliwa mwaka 1844 Bibi Salme binti Said, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba watoto wa kike walifundishwa kusoma Msahafu lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, angali kijana mdogo, aliwaandikia barua wafuasi wa nduguye Barghash walipokula njama dhidi ya Seyyid Majid. Tunaanza na habari hii kwa sababu yatukumbusha kwamba herufi ni chombo tu. Uzito wake hutokana na ujumbe unaobebwa.

Wakati huo Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zina qafu, lakini hazina herufi za asili za p, ch, g wala v, na alama zake za irabu ni tatu ilhali irabu zetu ni tano. Jina lenyewe la Mtoni, likiandikwa kwa alama hizo, laweza kusomwa pia "Mtuni". Msomaji aliokolewa na maana: alijua linalozungumzwa, akatamka ipasavyo.

Mwaka 1864 aliwasili Unguja Edward Steere, mmisionari Mwingereza, na mwaka 1870 akachapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Kanuni yake ilikuwa kufuata konsonanti za Kiingereza na irabu za Kiitaliano. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, tahajia ya hati za Kilatini ilithibitishwa. Katika tahajia hiyo herufi c haisimami bila h, na q na x hazimo kabisa. Maneno yaliyokuwa na qafu kwa Kiarabu, kama vile kalamu, sadaka, wakati na hakika, yote yalivaa k.

Hivyo ndivyo tulivyorithi tofauti ambayo kila mfasiri huiona mezani kwake. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haina budi kuwa na sehemu ya Q, bali kamusi ya Kiswahili haina sehemu hiyo. Kila neno la Kiingereza lenye q au x likibisha hodi, haliwezi kuingia na vazi lake. Ama hutoholewa kwa sauti, ama hutafutiwa neno lenye maana yake. Mwandishi hupaswa kuamua, na kabla ya kuamua hupaswa kuuliza: neno hili lina maana gani hapa?

Tuchukue mfano wa karantini. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini, kwa kuwa merikebu zilizoshukiwa kuwa na maradhi zilizuiwa siku 40 kabla ya kuingia Venice. Hapa kwetu kisiwa cha Changuu, kinachokabili Mji Mkongwe, kilijengwa jela mwishoni mwa karne ya 19, lakini kikatumika kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Lau mtu angefasiri asili ya neno, angetupa "arobaini", na Mswahili angelifikiria arobaini ya mzazi au ya marehemu. Utohozi ulifaa.

Kwa upande wa x, mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aliuita mwale aliougundua kwa herufi hiyo kwa sababu hakujua ni kitu gani, kama vile wanahisabati waitumiavyo x kwa kisichojulikana. Sisi tunasema eksirei. Sauti imehifadhiwa, fumbo limepotea, wala mgonjwa hakupungukiwa kitu. Na mwalimu wa hisabati angali anaandika x ubaoni, ingawa haimo katika abjadi yetu. Hiyo ni alama, si herufi ya neno.

Lakini utohozi si dawa ya kila neno. "Box" laweza kuwa boksi kwa mwenye duka. Hata hivyo kura hutiwa katika sanduku, barua hutumwa kwa sanduku la posta, na shahidi husimama kizimbani. "Quotation" kwa mwalimu wa fasihi ni nukuu. Kwa bwana ghala ni bei iliyotajwa na muuzaji. "Extension" katika kilimo ni ugani. Katika barua ya kuomba muda ni nyongeza. Atakayeandika neno moja kwa yote haya atakuwa amehamisha herufi, hajahamisha maana.

Mfano ulio bora zaidi kwetu ni akidi. "Quorum" lingeliweza kuwa kworamu, na wajumbe wangelitamka bila taabu. Lakini neno hilo ndilo linaloamua kama kikao ni halali au si halali. Mwanakamati wa kijiji asiyelielewa hawezi kusimama na kusema: mwenyekiti, hatujatimia, uamuzi huu haufai. Akidi, likiisha kuelezwa kuwa ni idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiendelee, humpa uwezo huo. Basi haitoshi kuorodhesha neno. Hapana budi kulifasili kwa sentensi moja iliyo wazi.

Kwa hiyo, kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotuletea orodha za maneno, tunaomba jambo moja: kando ya kila neno iandikwe sentensi nzima lilimotumika. Neno lililo peke yake hutuonyesha herufi zake tu. Wazee wetu walisoma hati zilizokosa irabu mbili wakaelewana, kwa kuwa walishika maana kwanza. Nasi tusikubali kushindwa na q na x.