Saa za ndege na saa za mlima

Msiba unapotokea Rangwi, huko milimani Lushoto, na mtoto wa marehemu yuko Ulaya, swali la wazee wa ukoo huwa moja: atafika lini? Siku ya maziko hutegemea jibu hilo. Naye kijana, tiketi mkononi, husema London hadi Dar es Salaam ni saa kumi tu kwa ndege. Hesabu yake si mbaya, ila haijakamilika.

Umbali ni ule ule tangu dunia iumbwe: kwa mstari wa angani, kilomita kama 7,500. Kinachobadilika ni muda.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kila wiki kutoka Croydon, London, kuja Mwanza. Zilichukua siku kama kumi. Mwaka 1932 njia ikafika Cape Town, ikipitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Usidhani ndege ilikuwa angani siku zote hizo! Zile Handley Page zilizoruka kati ya Cairo na Kisumu, zenye mabawa ya ghorofa mbili, zilikwenda kilomita kama 160 kwa saa, mwendo ambao baadhi ya madereva wetu wa mabasi wangeuonea wivu kidogo tu. Kwa mwendo huo, kilomita 7,500 ni saa 47, yaani siku mbili. Siku nyingine ziliishia kulala hotelini, kutia mafuta, kubadili ndege, na huko Ulaya hata kupanda treni.

Tarehe 2 Mei 1952 jeti ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe, na ikafika kabla ya saa 24 kutimia. East African Airways nayo ikapata Super VC10 mwaka 1966, ndege ya kukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977, lakini Dreamliner ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018 haikimbii kuliko VC10 kwa kiasi cha kujivunia. Tangu miaka ya sitini, basi, anayefupisha safari ni yule anayepunguza vituo. Abiria anayekaa Addis Ababa au Doha kusubiri ndege ya pili anazisahau haraka zile saa kumi.

Kisha kuna mlima. Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi Rangwi, kwa mstari wa angani, hazifiki kilomita 300. Kwa barabara ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kilomita 33 za kona hadi Lushoto, na bado hujafika. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alikwenda kwa miguu kutoka pwani hadi Vuga kwa Kimweri. Mwaka 1905 reli ya Wajerumani kutoka Tanga ikafika Mombo, na kwa mtu wa Rangwi haraka iliishia hapo hapo Mombo. Wakati wa masika, udongo ukiporomoka barabarani, siku nzima huweza isitoshe.

Ndiyo maana wazee wazoefu hawamuulizi kijana ndege inaruka saa ngapi. Humuuliza inatua Dar es Salaam asubuhi au usiku. Ikitua usiku, atalala mjini, atapanda basi la alfajiri, na maziko yatakuwa kesho kutwa.