Mapitio ya ushahidi wa tiba

Kazi ya kukusanya, kuchuja na kupima kwa pamoja tafiti zilizofanywa kuhusu tiba ya mwili au ya akili, ili ijulikane inafaa kiasi gani na inamfaa nani. Mtandao wa Cochrane, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993, ndio mashuhuri zaidi.

Moshi, mji wa Tanzania, umechangia ushahidi huo. Yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, wa mjini na vijijini, Moshi na Bungoma nchini Kenya, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata vikao 12 vya tiba ya kiwewe, vikiongozwa na washauri wasio wanasaikolojia. Jingine huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa 2020. Mwaka mmoja baada ya tiba, kundi lililoipata bado lilikuwa na nafuu zaidi Kenya. Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana.

Anayesoma matokeo ya nchi moja tu hupotoka.

Kwa tiba ya mwili, kama ya malaria kali, jaribio la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, lilionyesha mwaka 2010 vifo vya asilimia 8.5 kwa sindano za atesuneti, dhidi ya 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata WHO ilibadilisha mwongozo wake.